Sclerenchyma unaikata wapi? Yaliyonipata nikirekodi maneno ya botania kwa sauti

Naandika hii kwa yeyote atakayepewa kazi ya kusoma maneno ya botania kwa sauti, iwe unawasilisha utafiti, unafundisha, au kama mimi unawarekodia wanafunzi wasioona. Kazi inaonekana nyepesi kabisa mpaka ukae mbele ya maiki, maana ukisoma kimoyomoyo jicho linaruka tu juu ya neno gumu na maana unaipata hivyohivyo, ila mdomo hauruki, mdomo lazima uamue silabi hii inaanzia wapi na inaishia wapi, na ukishaamua umeamua kwa niaba ya mtu ambaye hana njia nyingine ya kulijua neno hilo.

Mimi nilijitolea kurekodi notisi za muundo wa mimea. Sentensi za Kiswahili zilikuwa zinateleza vizuri tu, "tishu hii ina seli zenye kuta nene na ngumu zinazoupa mmea uimara", halafu ghafla linakaa katikati jina lenyewe: sclerenchyma. Na nyuma yake zimejipanga parenchyma, collenchyma, aerenchyma. Ukifika kwenye majina ya kisayansi ya mimea ndio usiseme, Chlorophytum, Chrysophyllum, Psidium guajava, Azadirachta indica, hapo ulimi unaanza kutafuta pa kukanyaga.

Kabla ya kuendelea sana niliona niwape wanafunzi wachache rekodi ya majaribio, wasikilize, waandike walichosikia, wanirudishie. Binti mmoja akanitumia ujumbe wa sauti, "Dada, lile neno la tishu ngumu nimeliandika sikilerenkima, ni sawa?" Mwingine kaandika sklerenkima, mwingine sklarenkaima kwa sababu huko nyuma aliwahi kulisikia kwa mtu mwenye matamshi ya Kiingereza. Hakuna hata mmoja aliyeweka ch, na mtihani unataka ch. Nilikaa kimya kidogo na hiyo orodha. Hawa watoto walikuwa wamesikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote ninayemjua, walichokikosa ni mimi kuwapa neno lililokatwa vizuri. Nikasema hapana, hii kazi inabidi isimame mpaka nielewe haya maneno yanakatwaje.

Nikaanza na kamusi, kama ambavyo kila mtu angefanya, na huko ndiko nilikopotezea muda mwingi, so sikiliza hapa uokoe wa kwako. Kamusi za Kiingereza hazikubaliani jinsi ya kukata silabi, na hazikosei, zina misingi tofauti tu. Desturi ya Kimarekani inakata kufuata matamshi, ndio maana unakuta pho·tog·ra·phy, herufi g imebaki huku nyuma kwa sababu ndivyo Mmarekani anavyoitamka. Desturi ya zamani ya Kiingereza cha Uingereza inapenda kukata kwenye mshono wa maana, photo na graphy. Sasa wewe unayetaka kutamka neno la Kilatini chenye mizizi ya Kigiriki ukiwa na ulimi wa Kiswahili, ukizifuata zile nukta za kamusi ya Kimarekani unajikuta unaiga irabu za Kiingereza bila kujua. Nilihama kutoka kamusi hadi kamusi, nikasikiliza rekodi za intaneti usiku mpaka bando linakata, kila rekodi na yake, na kusema kweli nilikata tamaa, nikawa najiuliza kama kuna jibu kabisa au kila mtu anajisemea tu.

Aliyenitoa hapo ni mwalimu wangu wa zamani wa botania, sasa ni mzee amestaafu. Nilimpigia nikamwagia malalamiko yote, akanisikiliza hadi mwisho halafu akasema, "Mwanangu, hayo majina si ya Kiingereza. Kwa nini unaazima ulimi wa Mwingereza wakati wa kwako uko karibu zaidi?" Shikamoo yangu kwake haitoshi, kwa sababu hiyo sentensi moja ndiyo iliyonifungulia mlango.

Alinieleza hivi. Majina ya kisayansi ya mimea yanaongozwa na kanuni za kimataifa, zinazopitiwa upya kwenye kongamano la kimataifa la botania, na mwanzo wa majina ya mimea mingi unahesabiwa kuanzia kazi ya Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, ya mwaka 1753. Kanuni hizo zinasema jina la kisayansi linachukuliwa kuwa la Kilatini hata kama asili yake ni Kigiriki, Kiarabu, Kiajemi au jina la mtu. Zinasimamia sana tahajia, herufi moja inaweza kujadiliwa miaka, lakini hazikuwekei sheria ya kutamka. Yule mtaalamu wa Kilatini cha mimea, William Stearn, aliandika mwaka 1966 kwamba namna ya kutamka si jambo kubwa mradi jina lipendeze masikioni na lieleweke kwa wote wanaohusika. Mzee akanigandisha kwenye hayo maneno ya mwisho: lieleweke kwa wote wanaohusika. Wanaohusika kwangu ni wanafunzi wanaoandika kwa kusikia, basi kipimo changu kikawa hicho, je, akisikia anaweza kuliandika.

Na habari njema kwa sisi ni kwamba irabu za Kilatini ziko karibu mno na zetu. A ni a, e ni e, i ni i, hazipindi wala hazimezwi. Mswahili anayesoma Catharanthus kama ilivyoandikwa, ca·tha·RAN·thus (herufi kubwa ni pale panapokaa mkazo), yuko karibu na Kilatini kuliko anayejitahidi kuivuta iwe ya Kizungu. Hilo peke yake lilinirudishia moyo.

Sasa nije kwenye kiini. Neno la botania la kuunganishwa lina mikato miwili, na mikato hiyo mara nyingi haiangukii mahali pamoja. Kuna mkato wa maana na kuna mkato wa sauti. Chukua agapanthus. Kwa maana ni agape, upendo, na anthos, ua, kwa hiyo mshono uko agap|anthus. Lakini kwa sauti ile p haikubali kubaki nyuma, inaruka mbele iungane na irabu inayofuata: a·ga·PAN·thus. Sclerenchyma ni vilevile. Maana: scler, ngumu, na enchyma, kitu kilichomiminwa ndani. Sauti: scle·REN·chy·ma, r imehama. Mtu akijaribu kuheshimu mshono wa maana wakati wa kutamka anaweka kituo katikati, "skler… enkima", na msikilizaji anaandika maneno mawili. Nimelisikia hili kwa wasomaji wengi wazuri tu, wanajua asili ya neno, na ujuzi wao ndio unaowapasulia neno mdomoni.

Mtu atauliza, basi mkato wa maana wa nini, si tukate sauti tu twende? Mimi pia niliuliza. Jibu ni kwamba bila mkato wa maana hutajua mambo mawili, irabu zinazokutana zinasemwa pamoja au kila moja peke yake, na mkazo unakaa wapi. Kwa hiyo unakata maana kwanza, kwenye karatasi, unachukua taarifa unayoihitaji, halafu unaiweka pembeni na kukata sauti. Ukibadilisha huo mpangilio unarudi kwenye kubahatisha.

Wala si jambo geni kwetu. Angalia kifaurongo, ule mmea unaojikunja ukiguswa, Mimosa pudica. Maana yake inakatika kifa|urongo, na kwa kuwa unajua mshono uko pale, a na u huziunganishi, unasema ki·fa·u·ro·ngo. Halafu kwenye mwisho unasema ngo kwa pamoja, huikati n ikabaki nyuma. Yote hayo unayafanya bila kufikiri. Au usanisinuru, neno letu la mimea kutumia mwanga kutengeneza chakula, usanisi na nuru, hakuna anayelikosea. Kinachohitajika ni kuufanya huo ujuzi uende pia kwa maneno ambayo mizizi yake hukuzaliwa nayo.

Kuupata mshono kuna dalili moja nzuri. Maneno ya Kilatini yakiunganishwa hupenda kuwekewa i katikati, ya Kigiriki hupenda o. Mimosifolia, mimos, i, folia, majani kama ya mimosa. Rhododendron, rhod, o, dendron, mti wa waridi. Chlorophytum, chlor, o, phytum, mmea wa kijani. Ukiona o au i imekaa katikati ya neno refu, simama hapo uangalie pande zote mbili, mara nyingi umeupata. Ila kama sehemu ya pili inaanza na irabu hiyo o hupotea, ndio maana ni Helianthus, ile alizeti, helios na anthos, na hakuna o katikati. Na hayo maneno yaliyopoteza o ndiyo hasa ambayo mkato wa maana na wa sauti vinagombana: agapanthus, sclerenchyma, hypanthium ambayo inasemwa hy·PAN·thi·um. Nikikutana nayo sasa naweka alama nyekundu.

Upande wa irabu zinazokutana mfano wangu ni mlonge, Moringa oleifera. Nimesikia "olifera", nimesikia "oleifra", nimesikia "ei" ikisemwa kwa mkupuo mmoja. Ukikata maana unaona ole, i, fera, yaani inayozaa mafuta, na ile i ni kiungo, imesimama peke yake, basi ni silabi tano, o·le·I·fe·ra. Mswahili anayesema mwa·ro·ba·i·ni bila kumeza i hana sababu ya kumeza ya oleifera. Upande wa pili kuna gynoecium, sehemu ya kike ya ua, pale oe ni sauti moja, gy·NOE·ci·um, na mwenzake wa kiume an·DROE·ci·um. Lakini Aloe si hivyo, Aloe ni a·lo·e, silabi tatu. Zamani waliandika Aloë yenye nukta mbili juu ya e, na kanuni bado zinaruhusu nukta hizo mahali ambapo irabu inatakiwa isemwe mbali na iliyotangulia, kama Isoëtes, i·SO·e·tes. Ukiziona nukta hizo kwenye kitabu usizipuuze, mtu aliziweka kwa ajili yako. Aerenchyma nayo inatega: ae pale ni a na e mbalimbali kwa sababu mzizi ni aer, hewa, kwa hiyo a·e·REN·chy·ma. Yaani herufi zilezile mbili, neno moja zinasemwa pamoja, jingine mbalimbali, na kinachokuambia ni mzizi tu.

Haya, mkazo. Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotusaidia nusu na kututega nusu. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, siku zote karibu, na tukiona neno lolote tunauweka hapohapo. Kilatini kinauliza kwanza: hiyo silabi ya pili kutoka mwisho ni nzito au nyepesi? Nzito ni ile yenye irabu ndefu, au irabu mbili za kusemwa pamoja, au iliyofungwa na konsonanti. Ikiwa nzito mkazo unakaa hapo, sawa na kwetu. Ikiwa nyepesi mkazo unarudi nyuma silabi moja, wa tatu kutoka mwisho.

Kwa hiyo Rhododendron iko salama, rho·do·DEN·dron, den imefungwa. Eucalyptus, mkaratusi, eu·ca·LYP·tus, salama. Podocarpus, po·do·CAR·pus. Chrysophyllum, chry·so·PHYL·lum, l mbili zinaifunga. Theobroma, mkakao, the·o·BRO·ma kwa sababu o ile ni ndefu. Grandiflora, gran·di·FLO·ra. Zote hizi ulimi wa Kiswahili unazipatia bila kufundishwa.

Halafu zinakuja hizi. Mangifera indica, mwembe. Cocos nucifera, mnazi. Sisi wote tunasema mangiFEra na nusiFEra. Kilatini ni man·GI·fe·ra na nu·CI·fe·ra, kwa kuwa fe ni nyepesi. Rhizophora, mkoko, ni rhi·ZO·pho·ra. Bryophyta ni bry·O·phy·ta, na Pteridophyta ni pte·ri·DO·phy·ta. Mimosifolia ni mi·mo·si·FO·li·a, si foLIa. Chlorophytum ni chlo·RO·phy·tum. Utaona kwamba huhitaji kukariri kila neno, unajifunza mikia tu: -fera, -phora, -phyta, -folia zinarudisha mkazo nyuma au kuuweka kwenye fo, wakati -carpus, -anthus, -dendron, -phyllum, -flora zinaubakiza pale ulipozoea. Hiyo mikia michache ilinibebea sehemu kubwa ya orodha yangu, na kama utachukua kitu kimoja tu kutoka kwenye haya yote chukua hicho.

Kuna waliosema, mkazo wa nini, kwani mtihani unauliza mkazo? Hauulizi. Ila sikio la Mswahili linautumia mkazo kujua neno linaisha wapi, tumezoea kwamba baada ya silabi yenye nguvu imebaki moja tu. Nilipoanza kusoma manGIfera indica kwa mfululizo, mwanafunzi mmoja akaniandikia "mangife raindika". Na ana haki kabisa, sikio lake lilifunga neno pale lilipozoea kufunga. Suluhisho halikuwa kurudi kwenye mangiFEra, suluhisho lilikuwa kuweka kituo kifupi kati ya jina la jenasi na jina la spishi, na kuwaambia mapema kwamba majina haya mengine mkazo wake uko nyuma kidogo. Niliwapa mfano wa barabara. Ukisema ba·ra·BA·ra unamaanisha njia, ukisema ba·RA·ba·ra unamaanisha sawasawa. Tofauti hiyo kila mtu anaisikia, kwa hiyo kumbe uwezo tunao. Mangifera inakwenda na barabara ile ya pili. Baada ya mfano huo hakuna aliyenipasulia tena mwembe.

Nikumbushe pia kwamba neno likishafanywa la Kiswahili linafuata Kiswahili. Monocotyledon kwa Kilatini ni mo·no·co·ty·LE·don, lakini monokotiledoni ni mo·no·ko·ti·le·DO·ni, ile i ya mwisho imeusogeza mkazo mbele na ndivyo inavyotakiwa. Usichanganye mbili hizo kwenye rekodi moja. Mimi nilichagua: istilahi zilizokwisha kuzoeleka nasoma Kiswahili, majina ya kisayansi nasoma Kilatini, na mwanzoni mwa kila faili nasema hivyo.

Tukirudi kwenye konsonanti, ile sikilerenkima ya yule binti ilikuwa inaniuma. Kuongeza irabu kati ya konsonanti ni tabia ya lugha yetu, na ukiongeza kidogo tu, hata bila kujisikia, msikilizaji anaandika herufi ambayo haipo. Lakini si kweli kwamba hatuwezi mafungu ya konsonanti. Tunasema skrini, tunasema stempu, tunasema maktaba na labda na daftari, hizo silabi funge mbona zinatoka. Kwa hiyo nikamwambia, mdogo wangu, sema skrini, sasa weka skle mahali pa skri. Ikatoka palepale. Mafungu yanayotusumbua kweli ni yale ya mwanzo wa neno ambayo hayana ndugu kwetu: pt ya Pteridium, ps ya Psidium, gn ya Gnetum. Waingereza wanaiacha ile herufi ya kwanza kabisa, wanasema teridium na sidium. Kwa anayesoma kwa macho hiyo haina madhara. Kwa anayeandika kwa kusikia ni balaa, anapoteza herufi ya kwanza ya jina, na mpera wake unahamia ukurasa mwingine kabisa wa faharasa. Mimi natamka zote mbili, p nyepesi halafu s, na nasema wazi kwamba zipo mbili.

Njia iliyonisaidia kwa neno refu ni kulijenga kutoka nyuma. Ma. Kisha chyma. Kisha renchyma. Kisha sclerenchyma. Ukianza mbele unachoka kabla ya kufika na mwisho unalegea, na mwisho ndio wenye mkia unaobeba mkazo. Ukianza nyuma kila unaporudia unaishia mahali unapopajua. Niliwahi kufanya hivi na Enterolobium cyclocarpum nikiwa naosha vyombo, carpum, clocarpum, cyclocarpum, mpaka likawa linatoka lenyewe.

Herufi zenyewe kuna chache za kukubaliana nazo mapema. Ch kwenye maneno haya si ch ya chai, ni k yenye pumzi, na wale wanaoweza kusema kheri vizuri wana sauti iliyo karibu nayo. Azadirachta, mwarobaini, ndiyo nzuri ya kuonyeshea hilo, limetoka Kiajemi, azad na dirakht, mti ulio huru, na ile kh ya Kiajemi ndiyo imeandikwa ch: a·za·di·RACH·ta. Ph ni f. Th ni th ya thelathini, inatosha. Y ni i, usiifanye y ya yai. C mbele ya i na e ina kambi, wengine wanasema k, wengine ch, wengine s. Mimi nilichagua s kwa kuwa ndiyo wanafunzi wangu watakayoisikia darasani, na nikaishikilia mwanzo hadi mwisho. Kubadilika katikati kunawachanganya zaidi kuliko kuchagua kambi yoyote. Majina yaliyotokana na watu, kama Fuchsia ya Leonhart Fuchs au Bougainvillea ya Louis Antoine de Bougainville, hayaingii vizuri kwenye kanuni hizi. Hayo nayasoma kama yanavyosemwa na wengi na nayataja herufi kwa herufi.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kistari. Niliandaa faili la maandishi la kwenda pamoja na rekodi, silabi zimetenganishwa kwa vistari, nikaona nimemaliza. Halafu nikafika kwenye Hibiscus rosa-sinensis. Pale kistari ni sehemu ya jina! Kama vile kwenye Capsella bursa-pastoris. Mwanafunzi anayetumia programu ya kusoma skrini, au anayehamishia kwenye nukta nundu, atajuaje kistari kipi ni cha jina na kipi ni changu? Ilibidi nibadilishe faili zima niweke nukta ya kati, kazi ya kuchosha mno, na ndiyo maana hata hapa natumia nukta. Na kila neno naliandika kwanza zima, ndipo lililokatwa, kwa sababu programu hizo zikikutana na neno lililokatwa zinalisoma vipandevipande na mtu anaweza asijue kwamba ni neno moja.

Mpangilio wa kurekodi nilioishia nao ni huu. Nasema neno zima kwa kasi ya kawaida. Natulia. Nalisema silabi kwa silabi, bila kuongeza irabu. Nataja herufi zake. Naeleza maana ya vipande, scler ni ngumu, enchyma ni kilichomiminwa. Narudia neno zima, na ndani ya sentensi. Maana inakuja baada ya herufi makusudi, kwa sababu nilipoitanguliza wanafunzi walianza kulikata neno kwenye mshono wa maana. Ni kirefu, ndiyo, na kinakausha koo, kuna jioni nilikuwa siwezi kuongea na watu wa nyumbani. Lakini kwa kila familia ya maneno unafanya hivyo mara moja. Ukishafanya sclerenchyma kwa ukamilifu, parenchyma na collenchyma na aerenchyma unataja tu kipande cha mbele, kwani mkia ni uleule na mkazo uko palepale kwenye ile en, yaani ren, au len kwa collenchyma.

Wakati rekodi mpya zilipotoka yule binti alinitumia orodha yake tena. Sclerenchyma ilikuwa na ch. Chrysophyllum ilikuwa na y mbili na l mbili mahali pake. Nilifurahi jamani, nililia kidogo, sioni aibu kusema. Psidium alikuwa bado na wasiwasi nayo, akaniuliza kama ile p ni kweli ipo au mimi nilipumua kwenye maiki. Nikairekodi upya, safari hii maiki nimeisogeza pembeni ya mdomo badala ya mbele, maana p na f zikipiga maiki moja kwa moja zinatoa kishindo kinachofanana na kelele.

Kama unaanza sasa, usimpe rekodi ya majaribio mtu anayeyajua haya maneno tayari. Mwalimu wangu mzee alikuwa anasikia kila kitu sawa, hata pale niliposoma vibaya, kwa sababu masikio yake yalikuwa yanasahihisha yenyewe. Tafuta asiyewahi kuliona neno, mwambie aandike, na uombe akuandikie hata pale anapohisi amekosea. Chukua anachoandika, kilinganishe na neno, na utaona palepale ni silabi gani haikufika.